Tanki la maji ya mvua, Chamwino: tulikofika tangu Juni

Mara ya mwisho kuandika hapa ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Shimo la msingi lilikuwa limechimbwa na mawe yamerundikwa kando ya nyumba ya babu. Baada ya hapo kimya, kiangazi kizima. Sasa ni katikati ya Oktoba, na wote mliokuwa mkiuliza tanki limefikia wapi mnastahili jibu kamili. Kwa kifupi: tanki limesimama, limeezekwa, lina maji kidogo ndani na halivuji. Bado mifereji ya paa. Huku kwetu mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, kwa hiyo muda upo, ila si wa kuchezea.

Kilichoninyamazisha ni kazi yenyewe. Tanki la saruji na waya likishaanza kupigwa plasta, linadai mtu asubuhi, mchana na jioni. Nitaeleza kwa nini, maana hapo ndipo penye kiini cha kazi hii yote, na ndipo watu wengi wanapopaharakisha.

Kwanza niwakumbushe wageni tunajenga nini. Nyumba ya babu iko wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, si vuli na masika kama pwani. Wastani ni kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka, na baada ya Aprili mbingu hufungwa hadi karibu mwisho wa mwaka. Kisima cha karibu kina maji ya chumvi. Unayafulia, sabuni haitoi povu; unayapikia maharage, moto unateketea na maharage bado magumu. Maji matamu yako mbali, na kwa miaka mingi yamekuja kwa madumu mgongoni mwa punda au kichwani kwa mama zetu.

Paa la nyumba ni la bati, migongo miwili. Ukilipima kwa chini, yaani kivuli chake ardhini na si urefu wa mteremko, ni mita 12 kwa 8, mita za mraba 96. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukiondoa yanayoruka pembeni, yanayovukizwa na bati la moto na yanayopotea kwenye mifereji, hesabu salama ni asilimia 80. Kwa mwaka wa milimita 550, paa hili linatoa lita 42,240. Kwa mwaka mbaya wa milimita 300, bado linatoa lita 23,040. Mvua moja ya milimita 10, ambayo ardhi yetu inaimeza kabla hujatoka nje kuiangalia, kwenye paa hili ni zaidi ya lita 700.

Hesabu ya upande wa pili ni ya matumizi. Nyumbani kuna watu sita. Tumepanga lita 15 kwa kila mmoja kwa siku, za kunywa, kupikia na kuoshea vyombo. Kufua na kuoga kutaendelea na maji ya kisima. Hizo ni lita 90 kwa siku. Kuanzia Mei mosi hadi mwisho wa Novemba ni siku 214, sawa na lita 19,260. Tanki letu lina kipenyo cha mita 3.6 kwa ndani, na bomba la kumwaga ziada limewekwa mita mbili kutoka sakafuni, kwa hiyo likijaa lina lita zipatazo 20,300. Koki iko sentimita 10 juu ya sakafu ili tope libaki chini lisichotwe. Toa hiyo, unabaki na lita 19,300 za kutumia. Watu wamenishauri nijenge kubwa zaidi. Ningependa, lakini kila sentimita ya ukuta ni saruji na waya, na hizi zinatosha kuvuka kiangazi.

Msingi tuliumaliza Juni hiyohiyo. Ardhi ya pale ni nyekundu yenye kichanga, imeshikana vizuri. Kama ingekuwa ya mbuga, ule udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, nisingejenga tanki la saruji hapo kabisa. Mawe yalipangwa na kushindiliwa, na msingi ukainuliwa juu ya usawa wa uwanja ili ndoo ipate nafasi chini ya koki bila kuchimba shimo. Juu yake zege la sakafu, uwiano wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), unene wa sentimita 10, likiwa na wavu wa BRC ndani, ule unaotumika kwenye sakafu za majengo. Ncha za wavu zilikunjwa kusimama juu pembeni ili zifungane na wavu wa ukuta. Kiungio cha sakafu na ukuta ndicho mahali matanki mengi hutoa maji, na wavu unaopita bila kukatika ndio unaokishikilia.

Julai ilikuwa ya mchanga na waya.

Mchanga tunatoa korongoni, lakini korongo lina mchanga wa kila aina. Kuna sehemu unang'aa na chini yake kumejaa tope. Kipimo chetu ni chupa ya plastiki inayoonyesha ndani: jaza mchanga hadi nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache itulie kwa saa kadhaa. Mchanga unakaa chini, tope laini linakaa juu yake kama ukanda wa rangi nyingine. Pima ukanda huo kwa rula. Ukizidi kama asilimia 8 ya kimo cha mchanga, tafuta mchanga mwingine au uoshe. Tope huizunguka chembe ya mchanga na kuizuia saruji kuishika, na ukuta wa unene wa sentimita tano hauna pa kuficha udhaifu huo. Tuliukuta mchanga mzuri kwenye kona ya ndani ya korongo, mahali ambapo maji ya mafuriko hupunguza kasi na kuacha chembe nzito.

Kuhusu waya, naomba niwe na subira kidogo, kwa sababu wengi huona tanki la saruji wakadhani saruji ndiyo inayoshikilia maji. Saruji ina nguvu ya kubanwa. Ukiivuta, inapasuka upesi. Na maji kwenye tanki la duara huvuta: yanasukuma ukuta kuelekea nje kila upande, na ukuta unataka kufunguka. Kwenye kina cha mita mbili, msukumo huo ni wa uzito wa tani mbili kwa kila mita moja ya mraba. Kinachozuia ukuta usifunguke ni chuma. Saruji inaziba, chuma kinashika.

Kwa hiyo wavu wa BRC ulikunjwa kuwa duara na kusimamishwa juu ya sakafu, ncha zake zikapishana na kufungwa. Nje yake ukazungushwa wavu wa kuku. Kisha waya laini wa chuma ukazungushwa tanki zima kuanzia chini, mzunguko juu ya mzunguko. Sehemu ya chini mizunguko imekaribiana, sentimita tano tano, kwa sababu msukumo unaongezeka kadiri unavyoshuka. Huku juu ikaachana zaidi. Fundi alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, plaizi mkononi, akanyonga kila pahali waya unapokutana na wavu. Ukipiga ukuta huo wa waya kwa kiganja unatoa mlio mmoja pande zote. Pakilia kwa ulegevu anarudi na plaizi. Alikuwa akifanya hivyo hata pale ambapo hakuna ambaye angeona, na kwa hilo namheshimu sana.

Plasta ilipigwa mwanzoni mwa Agosti. Nje ya waya tulifunga magunia na kuyakaza kwa kamba za katani ili yawe mgongo wa kupokea mchanganyiko. Fundi na mwenzake waliingia ndani na kuanza kupiga plasta ya 1:3, saruji moja mchanga tatu, maji machache iwezekanavyo. Mchanganyiko mzuri ukiufinya kiganjani unashikana na hautoi maji. Saidia fundi walikuwa nje, wakichanganya na kupitisha makarai juu ya ukuta. Kuna sharti ambalo halina msamaha: kila tabaka la ukuta lazima liishe siku hiyohiyo, duara zima kutoka chini hadi juu. Ukiacha nusu ukaendelea kesho, saruji ya leo na ya kesho hazishikani sawasawa, na mstari huo ndio maji yatakaotafuta. Kwa hiyo kazi ilianza kabla jua halijachomoza, na chakula kililiwa kwa zamu. Mama alipika ugali wa uwele na mlenda, na hakuna aliyekaa zaidi ya dakika chache. Tabaka la pili lilifuata la kwanza lilipokuwa limeshika, kisha magunia yakafunguliwa na upande wa nje ukapigwa, na mwisho ndani pakapigwa niru, yaani uji mzito wa saruji na maji.

Maji ya kuchanganyia hayakuwa ya kisima. Hili lilizua mjadala, kwa sababu kisima kiko karibu na kununua maji matamu wakati wa kiangazi kunauma. Lakini chumvi hula chuma. Waya wetu ni mwembamba, umefunikwa na saruji kidogo tu, na chumvi ikiingia ndani ya ukuta itaanza kuutafuna kutoka siku ya kwanza. Kutu ikivimba inapasua plasta. Nilisimama kwenye hilo, na kila tone lililoingia kwenye tanki limetoka kituo cha kuchotea maji cha kijiji, kwa punda na kwa boza.

Sasa nije kwenye kile kilichoninyamazisha. Saruji haiwi jiwe kwa kukauka. Inakuwa jiwe kwa kuungana na maji, na muungano huo unaendelea kwa wiki kadhaa. Maji yakiondoka mapema, muungano unasimama ulipofika, plasta inasinyaa na kupata nyufa nyembamba kama unywele, na nguvu iliyokuwa ije haiji tena hata ukimwagilia baadaye. Na Dodoma ya Agosti ni adui wa plasta: jua kali, hewa kavu, upepo wa mashariki unaovuma mchana kutwa ukibeba vumbi. Nguo iliyofuliwa inakauka kabla hujamaliza kuanika ya mwisho.

Tulilifunika tanki kwa magunia yaliyolowa, juu yake turubai lililofungwa kwa kamba ili upepo usilinyanyue. Magunia yalimwagiliwa kabla ya mapambazuko, saa nne, saa nane, na jioni jua likizama. Ndani tuliweka maji sakafuni mara zege liliporuhusu, na mdomo wa juu ukafunikwa ili unyevu usitoke. Kwa wiki tatu nzima gunia halikuruhusiwa kukauka. Ukiingiza mkono chini ya gunia mchana wa jua kali, ukuta ulikuwa wa baridi na kijivu cheusi. Pale tu ambapo kona ya turubai ilifunuka, kijivu kilianza kupauka, na mtu akakimbia na kopo.

Babu alikuwa akifuatilia kutoka kwenye kiti chake chini ya mwarobaini. Siku moja nikampita na ndoo, nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hiki kitu chenu kinakunywa kuliko ng'ombe. Na bado hamjapata hata kikombe." Nikamwambia, "Vumilia babu, kitalipa." Hakujibu. Jioni ile alitembea polepole hadi kwenye tanki, akainua pembe ya gunia kwa fimbo, akagusa. Kuanzia kesho yake alikuwa yeye wa kuita saa nane ikifika.

Naelewa mashaka yake. Babu alikulia kwenye tembe, nyumba zetu za Kigogo zenye paa bapa la miti na udongo. Tembe ni nyumba nzuri ya nchi hii, baridi mchana na joto usiku, lakini paa lake linanyonya mvua, haliwezi kuikusanya. Kwa kizazi chake maji yalitoka ardhini: unachimba kwenye mchanga wa korongo, unasubiri yajikusanye, unachota kwa kibuyu, na kadiri kiangazi kinavyosonga shimo linazidi kwenda chini. Kwamba mtu anaweza kunywa kutoka paani ni jambo la bati, na bati kwenye nyumba hii ni la juzi.

Na ardhi nayo ina tabia yake. Jiji la Dodoma linategemea kwa kiasi kikubwa visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Kina cha maji ya pale kimepimwa kwa zaidi ya miaka 50, na kumbukumbu hizo zinaonyesha jambo ambalo kila mtu wa nchi kavu anapaswa kulijua: hifadhi ile haijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Inajazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya Elnino ya 1997/98, kisha inashuka taratibu kwa miaka hadi msimu mwingine wa aina hiyo. Mvua za kawaida nyingi hazifiki huko chini. Ndiyo maana nang'ang'ania paa. Bati halina haja ya Elnino. Linakusanya mvua ya kawaida ya Januari, ileile ambayo inaishia kwenye vumbi la uwanja.

Septemba tulijenga kuba la kufunika. Mirunda na mbao zilisimamishwa ndani, zikabeba umbo la mgongo, juu yake wavu na wavu wa kuku, kisha plasta kwa siku moja. Nguzo ya katikati ni bomba la plastiki lililojazwa zege na nondo. Tundu la kuingilia mtu limeachwa pembeni, lenye mfuniko wa zege unaokaa sawasawa. Hatutaki mwanga uingie, maana mwanga huotesha ukijani ndani ya maji, na mbu akipata upenyo anazaliana. Kuba nalo lilimwagiliwa kama ukuta, na mirunda haikutolewa mpaka lilipokomaa.

Mwishoni mwa Septemba tukaleta boza na kuweka maji ya kina cha sentimita 30, ndiyo mtihani wa kwanza. Kesho yake asubuhi, upande wa magharibi, pale sakafu inapokutana na ukuta, kulikuwa na doa la unyevu la ukubwa wa sahani. Halikudondoka, lilitoa jasho tu. Vijana walitaka kumwaga maji na kupiga plasta upya. Fundi akasema acheni, na nilikubaliana naye. Upenyo mdogo kiasi hicho kwenye saruji changa mara nyingi hujiziba: maji yanayopita yanabeba chokaa ya saruji, na inapokutana na hewa inaganda kuwa kama chaki. Tulichora duara kwa mkaa kuzunguka doa ili tuone kama linakua. Halikukua. Baadaye ukingo wake ukaanza kuwa mweupe, weupe ukaingia kuelekea katikati, na sasa pale ni pakavu, pana gamba jeupe ambalo ukilikwaruza kwa ukucha halitoki. Maji yameachwa ndani, kwa sababu tanki jipya likibaki tupu kwenye jua hili litapasuka.

Maji hayo hatuyanywi. Yana ladha ya chokaa, na yatatolewa yote kabla ya mvua na kumwagiwa mipapai.

Kilichobaki ni mifereji. Kanuni tunayofuata ni sentimita moja ya mraba ya mfereji kwa kila mita moja ya mraba ya paa. Kila mgongo una mita za mraba 48, na mifereji inayokunjwa na fundi bati ina upana wa sentimita 10 na kina cha 8, hivyo inatosha na kubakiza, hata kwa zile mvua za radi zinazomwaga kwa dakika 20 na kuondoka. Mteremko ni sentimita moja kwa kila mita, maana yake kutoka mwisho hadi mwisho mfereji unashuka sentimita 12. Usawa tunaupima kwa mpira unaoonyesha ndani uliojazwa maji; kwa urefu kama huu naiamini njia hiyo kuliko pima maji ya mkononi. Juu ya fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa, tutapigilia ukanda wa bati uliosimama, wa kuzuia maji yasiruke mfereji pale mvua inapokuja kwa kasi.

Bomba la kuingizia tumeamua lisigandishwe kwenye kiungo cha mwisho, ili liweze kugeuzwa kwa mkono. Mvua ya kwanza itaosha paa lenye vumbi la miezi saba na kinyesi cha ndege, kwa hiyo yote itaelekezwa nje. Kuanzia ya pili, dakika za mwanzo nje, kisha bomba linageuzwa kuingia tankini kupitia chujio. Kazi hiyo amepewa binamu yangu wa darasa la sita, ambaye ameshafanya mazoezi bila mvua. Maji ya kunywa yataendelea kuchemshwa.

Fundi bati anakuja Jumamosi. Akimaliza mifereji nitaandika tena, na kuanzia Desemba nitakuwa naweka hapa kina cha maji baada ya kila mvua kubwa. Tumechonga ufito wenye alama kila sentimita 10, na kila alama ni lita 1,018.